Antivirusi ya Zamani Haitoki, Mpya Haiingii: Fanya Hivi Kabla Hujampigia Mtu Usiyemjua

Jumatatu moja asubuhi tulipokea simu mbili kwenye dawati letu la huduma, zikipishana kwa chini ya saa moja. Ya kwanza ilitoka Ruiru, kwa mama mwenye duka la hadwea upande wa Kihunguro. Ya pili ilitoka Thika mjini, kwa kijana mwenye saiba. Hawa wawili hawajuani, na majina yao tumeyaficha kwa ombi lao. Lakini malalamiko yao yalikuwa kama yamenakiliwa: "Antivirusi ya zamani haitoki, na mpya inakataa kuingia."

Huenda unajiuliza, hayo yanaihusu nini kampuni ya malipo ya simu? Yanatuhusu sana. Kompyuta zile mbili ndizo wanazotumia kuingia kwenye akaunti zao za biashara: kuangalia malipo ya siku, kumrudishia pesa mteja aliyelipa mara mbili, kulipa vijana wa kazi Jumamosi. Kompyuta ikikaa bila ulinzi, pesa iliyo nyuma yake nayo inakaa bila ulinzi.

Basi leo tunakueleza kwa nini programu hizi husumbua hivi, jinsi ya kuzitoa na kuziweka bila kuharibu, na kosa moja ambalo karibu limgharimu yule mama mauzo ya wiki nzima.

Yaliyotokea Ruiru

Kompyuta ya mama ilikuja na antivirusi ya kulipia ya mwaka mmoja. Mwaka ukaisha. Kila baada ya dakika chache tangazo linatokea katikati ya skrini: lipia, lipia, lipia. Kijana wake wa duka akachoka. Akafungua folda ya ile antivirusi na kujaribu kuifuta. Ikakataa. Akatafuta video, akafundishwa njia ya mkato, akafuta karibu kila kitu alichokiona. Matangazo yakanyamaza. Kila mtu akafurahi.

Siku iliyofuata akapakua antivirusi nyingine ya bure. Ikafika karibu na mwisho, ikasimama, ikasema kuna antivirusi nyingine kwenye kompyuta, itolewe kwanza. Akaenda kwenye orodha ya programu aitoe. Jina bado lipo, lakini akilibofya anaambiwa faili halipatikani. Haitoki kwa sababu haipo, na mpya haiingii kwa sababu ya zamani ipo. Umeona huo mtego?

Siku nne zikapita hivyo. Jumatatu ile, kijana akatafuta mtandaoni namba ya huduma ya watengenezaji. Kilichotokea juu kabisa kilikuwa tangazo, lenye namba ya simu. Akapiga. Akajibiwa na mtu mpole mwenye Kiingereza laini, akaambiwa aweke programu ndogo "ya kusaidiwa kwa mbali". Muda si muda kishale cha kipanya kikaanza kutembea chenyewe.

Yule mtu akafungua orodha ndefu yenye alama nyekundu na za manjano, akasema hizo zote ni virusi. Kisha akasema kuna ada kidogo, na ili kuthibitisha kwamba malipo yataenda salama, kijana afungue akaunti ya biashara ya duka.

Mama alikuwa anatoka stoo. Akauliza huyo ni nani, na mauzo yake anayatakia nini. Mtu wa simu akaanza kuharakisha mambo: dakika tano tu, kompyuta itaungua, data yote itapotea. Hapo mama akatupigia kwa simu yake mwenyewe. Mhudumu wetu hakuuliza mengi. "Mama, chomoa waya wa intaneti kwanza. Mengine tutaongea baadaye."

Waya ukachomolewa na kishale kikasimama.

Hakuna pesa iliyotoka. Mama alibadilisha nenosiri la akaunti akitumia simu yake na data yake, si ile kompyuta. Sisi tukafunga kila mahali ambapo akaunti ilikuwa imeachwa wazi, kisha tukapitia naye miamala ya saa ile mmoja baada ya mwingine. Na ile orodha ya alama nyekundu? Kila kompyuta ya Windows inayo, hata mpya kabisa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika eventvwr, utaiona yako. Ni kumbukumbu za kawaida za mambo madogo yaliyokwama ndani ya mashine. Matapeli huitumia kutisha watu kwa sababu inatisha bila kuhitaji uongo mwingi.

Kwa nini soja huyu hafukuziki kirahisi

Fikiria antivirusi kama soja wa getini. Jambo la kwanza ambalo mwizi mwerevu angetaka ni kumwondoa soja. Kwa hiyo watengenezaji wamemfanya awe mgumu kuondoa. Hujifunga ndani kabisa ya Windows, huamka kabla ya programu nyingine, na hukataa mafaili yake yasiguswe. Ukimfuta kwa mkono, yeye anakuona kama virusi vinavyojaribu kumuua. Ukali huo ndio kazi yake.

Pili, Windows ina daftari la zamu. Kila antivirusi inayoingia huandikwa humo: fulani ndiye yuko getini. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, Windows yenyewe ina antivirusi yake, inayoitwa Defender. Ikiona soja mwingine ameandikwa kwenye daftari, Defender hukaa pembeni imwachie kazi, kwa sababu masoja wawili wanaokagua kila faili kwa wakati mmoja hugongana na kuifanya kompyuta itambae kama konokono. Soja wa nje akiondoka kwa utaratibu, jina lake hufutwa na Defender hurudi getini yenyewe.

Sasa ona kilichotokea Ruiru. Kijana alimtoa soja kwa nguvu, lakini jina likabaki kwenye daftari. Windows ilidhani geti lina mtu. Defender haikurudi. Antivirusi mpya ilisoma daftari, ikaona jina, ikakataa. Kwa siku nne geti lilikuwa wazi na daftari linasema kuna mlinzi. Ndiyo maana tunasema antivirusi iliyotoka nusu ni mbaya kuliko kompyuta unayojua haina ulinzi. Usipokuwa na soja, angalau unajua, na unajichunga.

Na kama unadhani programu hizi ni za kuchezewa, kumbuka Julai 19, 2024. Kampuni moja ya Marekani, CrowdStrike, ilituma sasisho lenye kasoro kwa programu yake ya ulinzi. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 duniani zilizimika na kukataa kuwaka sawasawa. Ndege zilikwama na hospitali zikarudi kwenye kalamu na karatasi. Mashine nyingi zilibidi ziwashwe moja moja katika hali salama ili faili lenye kasoro lifutwe. Hayo yalifanywa na kosa la wataalamu. Sembuse kufuta kwa kubahatisha.

Kuitoa kwa utaratibu

Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Usiruke, na usianze ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza.

1. Hifadhi kazi zako kwanza. Nakili vitabu vya hesabu, picha na stakabadhi kwenye flashi au diski ya nje. Hatutarajii zipotee, lakini stima ya Ruiru na Thika unaijua.

2. Pakua utakachohitaji mapema. Ukishamtoa soja, hutaki kuzungukazunguka mtandaoni bila ulinzi. Pakua antivirusi mpya kutoka tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, kwa kuandika anwani, si kwa kubofya tangazo la juu. Kisha chomoa intaneti au zima Wi-Fi.

3. Itoe kupitia orodha ya programu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika appwiz.cpl, bonyeza Enter. Itafute antivirusi kwenye orodha, ibofye, kisha chagua kuiondoa. Hakikisha umeingia kwa akaunti ya msimamizi, si ile ya kawaida unayowapa wafanyakazi.

4. Washa upya kompyuta. Tunasema kuwasha upya, si kuzima halafu kuwasha. Kwenye Windows 10 na 11, kuzima kwa kawaida huacha sehemu ya mfumo ikiwa imelala tu ili iamke haraka kesho. Vipande vya antivirusi vilivyokuwa vinasubiri kufutwa vinaweza kubaki palepale. Kuwasha upya ndiko kunakovifagia. Ukiona ujumbe kwamba kuna kazi inasubiri kuwashwa upya, tii.

5. Ikikataa kutoka, irudishe kwanza. Watu wengi hawaamini hili, lakini hufanya kazi. Kama kitoleo chake kimeharibika au mafaili yamefutwa, pakua antivirusi ileile ya zamani, iweke juu ya mabaki yake, washa upya, halafu itoe kwa njia ya hatua ya tatu. Umemrudisha soja kazini ili umwachishe vizuri, akabidhi funguo na kufuta jina lake.

6. Bado? Tumia ufagio wa mtengenezaji. Kampuni nyingi za antivirusi zina programu ndogo ya bure ya kufagia mabaki yao. McAfee wanayo ya MCPR, Kaspersky wana kavremover, Avast wana Avast Clear. Kila ufagio hufagia vumbi la kampuni yake tu, kwa hiyo tafuta wa ile uliyokuwa nayo. Na upakue kwenye tovuti ya kampuni hiyo pekee, kwa sababu matapeli nao hutengeneza mafagio ya bandia.

7. Ufagio ukikwama, ingia hali salama. Shikilia kitufe cha Shift huku ukibofya kuwasha upya. Itakuja skrini ya buluu yenye machaguo. Ingia kwenye utatuzi wa matatizo, kisha machaguo ya ziada, kisha mipangilio ya kuwasha. Kompyuta ikiwaka tena, bonyeza namba 4, au 5 kama unahitaji mtandao. Katika hali hiyo Windows huamka na vitu vichache tu, na mara nyingi soja hupatikana amelala. Endesha ufagio hapo, halafu washa upya kama kawaida.

Tahadhari moja: baadhi ya kompyuta, hasa laptopu mpya, zina diski iliyofungwa kwa msimbo. Ukiingia hali salama zinaweza kukuuliza ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Utafute kabla ya kuanza, usije ukajifungia nje ya duka lako mwenyewe.

Mpya ikikataa kuingia

Labda ya zamani imetoka safi na mpya bado inagoma. Kabla hujailaumu, kagua haya.

Tarehe na saa. Hii ndiyo ya kwanza kwa kompyuta za mtumba. Betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao wa ndani, kwa kawaida aina ya CR2032, ikifa, kompyuta husahau siku kila stima inapopotea. Unawasha asubuhi, yenyewe inadhani ni miaka kumi iliyopita. Tovuti salama hukataa kuongea na kompyuta yenye tarehe ya uongo, na antivirusi haiwezi kupakua sehemu zake. Sahihisha saa, badilisha betri, jaribu tena.

Umri wa Windows. Bonyeza Windows na R, andika winver. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 Januari 14, 2020, Windows 8.1 Januari 10, 2023, na Windows 10 Oktoba 14, 2025. Antivirusi nyingi mpya hazikubali tena Windows 7. Ukikuta mpya inakataa kwenye mashine ya Windows 7, haijaharibika. Inakuambia ukweli kuhusu mashine yako: nyumba yenyewe imeoza mbao, soja hatasaidia kitu.

Nafasi na upakuaji. Diski iliyojaa hadi ukingoni haiwezi kupokea programu mpya. Na kama bando liliisha katikati, faili ulilonalo ni nusu. Lifute, upakue upya lote.

Tayari kuna mgeni ndani. Baadhi ya virusi hufanya kazi hii hasa, kuzuia antivirusi isiwekwe. Dalili yake ni tovuti za antivirusi kukataa kufunguka huku nyingine zote zikifunguka, au faili la antivirusi kutoweka ukilibofya. Hapo andika mrt kwenye kile kisanduku cha Windows na R. Ni kifaa cha Microsoft cha kutoa virusi vinavyojulikana sana, na kwa kawaida kimo kwenye kompyuta yako tayari. Defender nayo ina ukaguzi wa nje ya mtandao, ambao huwasha kompyuta upya na kukagua kabla Windows yenyewe haijaamka. Mpaka umalize, usiingie kwenye akaunti yoyote ya pesa kwa mashine hiyo.

Ukishafanikiwa, hakikisha. Kwenye kisanduku kilekile andika windowsdefender: pamoja na ile nukta pacha ya mwisho. Utafunguka ukurasa wa usalama wa Windows. Angalia nani ameandikwa getini, na kama alama ni ya kijani. Ukitaka kumjaribu soja, tafuta faili la majaribio la EICAR kwenye tovuti ya eicar.org. Ni maandishi ya herufi 68 tu yasiyo na madhara yoyote, lakini antivirusi zimekubaliana kuyapigia kelele. Ukilipakua bila mtu kushtuka, ujue geti halina mtu.

Yaliyotokea Thika

Sasa turudi kwa yule kijana wa saiba. Yeye alifuata hatua zote, moja hadi saba, na bado akagonga ukuta. Alinunua kompyuta tano za mtumba, zile zinazoletwa kutoka ng'ambo baada ya ofisi kubadilisha mashine zake. Zilikuwa nzuri na bei yake ilikuwa nzuri. Lakini kila moja ilikuwa na antivirusi ya ofisi, na kila alipotaka kuitoa aliulizwa nenosiri. Aliyemuuzia hakulijua, na aliyemuuzia huyo naye hakulijua.

Antivirusi za ofisi hufungwa hivyo makusudi, ili mfanyakazi asiitoe mwenyewe. Anayejua nenosiri ni fundi wa kampuni ambayo huenda hata jina lake hulijui. Kijana alishauriwa na rafiki apakue programu ya kuvunja nenosiri. Alitupigia kutuuliza kama ni salama. Tunashukuru aliuliza. Programu za kuvunja manenosiri zinazogawiwa bure ni mojawapo ya njia za zamani za kuingizia watu virusi. Ungekuwa unamfukuza soja mkali kwa kumkaribisha mwizi amsaidie kumtoa.

Ushauri wetu kwa mashine kama hizo ni mmoja: usihangaike kuitoa antivirusi, futa diski yote na uweke Windows upya. Microsoft wanatoa bure kifaa cha kutengenezea flashi ya Windows kwenye tovuti yao. Utahitaji flashi ya angalau GB 8 na intaneti ya kutosha, kwa hiyo pakua mara moja utumie kwa mashine zote. Mara nyingi, kama kompyuta ilikuwa na leseni halali ya toleo hilo, itajitambua yenyewe ikishaunganishwa na mtandao. Kijana alianza Jumanne jioni baada ya kufunga, na Alhamisi zote tano zilikuwa safi, kila moja na Defender yake.

Kuna sababu nyingine ya kufuta diski, na ni kubwa kuliko usumbufu. Mashine ambayo bado ina programu za usimamizi za mwenye zamani huenda bado inamtii. Wewe umelipa, funguo ziko kwa mtu mwingine. Na saiba ni mahali ambapo watu huingia kwenye eCitizen, hujaza ripoti za ushuru za KRA kwenye iTax, huomba mikopo ya HELB. Vitambulisho vya watu vinapita hapo kutwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde.

Kwa wateja wetu, neno moja la wazi: usiingie kwenye akaunti ya biashara kwa kompyuta ya saiba. Yule kijana mwenyewe haingii. Ametenga laptopu moja ya hesabu zake tu, na hakai mteja hapo.

Na kwenye simu je?

Wengi wenu mnafanya biashara yote kwa simu ya Android. Habari njema ni kwamba simu zenye huduma za Google zina mlinzi wao tayari, Play Protect, aliyeko tangu mwaka 2017. Antivirusi nyingi za simu hazikuongezei kitu. Mwaka 2014, programu moja iitwayo Virus Shield iliuzwa kwenye duka la Google kwa dola 3.99, na zaidi ya watu 10,000 wakaipakua. Kazi yake yote ilikuwa kubadilisha alama ya ngao kwenye skrini ukiigusa. Hakuna kingine. Na mwaka 2019, maabara ya AV-Comparatives ya Austria ilijaribu antivirusi 250 za Android: ni 80 tu zilizotambua zaidi ya asilimia 30 ya programu mbovu zilizowekwa mbele yake.

Kama umeweka moja na sasa haitoki, huenda imejipa mamlaka ya msimamizi wa simu. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya usalama, utafute programu za usimamizi wa kifaa. Izime hapo kwanza, kisha iondoe kama programu nyingine yoyote. Pitia pia sehemu ya ufikivu. Programu yenye ruhusa hiyo inaweza kusoma skrini yako na kubonyeza kwa niaba yako. Antivirusi isiyojulikana ikiwa na ruhusa hiyo kwenye simu unayoandikia namba ya siri, itoe leo. Ikiendelea kugoma, washa simu katika hali salama: kwenye simu nyingi unabonyeza kitufe cha kuzima, kisha unashikilia neno la kuzima kwenye skrini mpaka uulizwe. Programu ulizoweka mwenyewe hulala, nawe unaitoa ikiwa usingizini.

Saa ya hasira ndiyo saa ya mwizi

Tumerudia visa hivi viwili kwa sababu vina jambo moja linalofanana. Mtu hatafuti msaada wa antivirusi akiwa na utulivu. Anautafuta akiwa amechoka, wateja wamepanga foleni, na kompyuta imegoma. Matapeli wanaijua saa hiyo. Ndiyo maana wanalipia matangazo yatokee juu kabisa ukitafuta namba ya huduma. Ndiyo maana hutuma barua pepe kwamba usajili wako wa antivirusi umejilipia na umekatwa mamia ya dola, piga namba hii kughairi. Hujawahi hata kuwa na antivirusi hiyo, lakini hofu inapiga simu kabla ya akili.

Kwa hiyo shika haya:

- Mtengenezaji wa kweli hahitaji kuona akaunti yako ya malipo ili kurekebisha antivirusi.
- Sisi pia hatutakuomba namba yako ya siri, nenosiri, wala tarakimu zinazoingia kwa ujumbe mfupi. Anayeziomba kwa jina letu si sisi.
- Usimruhusu mtu uliyempata kwenye tangazo aendeshe kompyuta yako kwa mbali. Ukishamruhusu na ukashtuka, chomoa intaneti kwanza, halafu piga simu.
- Badilisha nenosiri kwa kifaa kingine, si kile alichokishika.
- Tupigie kwa namba iliyo ndani ya programu yetu. Ripoti pia polisi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inakulinda, na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ina kitengo cha kitaifa cha kupokea taarifa za mashambulizi ya mtandaoni, kinachojulikana kama KE-CIRT.

Na ile kompyuta ya Kihunguro? Kwanza tulimwelekeza kijana aitoe ile programu ya kuendeshwa kwa mbali. Kisha akairudisha antivirusi ya zamani, akaitoa kwa utaratibu, akapitisha ufagio, akawasha upya. Defender ikarudi getini yenyewe. Tukamwambia aendeshe ukaguzi kamili, ambao ulichukua karibu mchana wote, na mpaka ulipokwisha hesabu za duka zilifanywa kwenye simu. Mama aliuliza sasa anunue antivirusi gani. Tulimwambia kwa duka lake, Defender ikiwa macho na Windows ikiwa imesasishwa, hana haraka ya kununua yoyote.

Kijana hakufukuzwa. Mama alisema angemfukuza kama angeficha, lakini alieleza kila alichofanya tangu video ya kwanza, na bila maelezo hayo hatungejua pa kuanzia. Siku hizi kila Jumatatu, kabla ya kufungua akaunti ya duka, yeye ndiye anayeangalia kama ngao ni ya kijani.

Na yako je, ni ya kijani? Andika windowsdefender: uone sasa hivi, ukiwa umetulia na duka halina foleni.